Oksijeni peke yake haifungui pafu: protini ya SP-B na watoto wanaozaliwa mapema Bukavu

Mjadala kuhusu watoto wanaofariki siku chache baada ya kuzaliwa kabla ya wakati, uwe unafanyika katika redio za hapa Bukavu au katika vikao vya waganga, huishia karibu kila mara kwenye vifaa: kuvezi (visanduku vya joto vya watoto) ngapi zinafanya kazi, mitungi ya oksijeni itoke wapi, jenereta ya hospitali inakula mazuti kiasi gani. Maswali hayo ni halali, na mtu ambaye umeme umewahi kumkatikia usiku huku akimhudumia mtoto wa kilo moja na robo hawezi kuyabeza. Hata hivyo, yanaacha nje kiini cha ugonjwa wenyewe. Mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 29 hapungukiwi kwanza na oksijeni ya chumbani. Anapungukiwa na dutu iitwayo surfaktanti, inayozuia vifuko vya hewa ndani ya mapafu yake visijifunge, na katika dutu hiyo anapungukiwa na protini moja ndogo ambayo wanasayansi wameipa jina la SP-B. Hoja yangu ni kwamba umbo la protini hiyo, likieleweka vizuri, linaeleza kwa nini dawa ya ugonjwa huu ni ghali, kwa nini majaribio ya kuitengeneza bila protini hayakufika mbali, na ni wapi jimbo kama Kivu Kusini linapaswa kuweka fedha zake za kwanza.

Tuanze na maji. Mapafu mawili ya mtu mzima yana vifuko vya hewa karibu milioni 480, kila kimoja kikiwa na upana wa takribani milimita 0.2, na kuta za vifuko hivyo zimelowa daima. Molekuli za maji huvutana, na pale maji yanapokutana na hewa mvutano huo hutaka kuupunguza uso wa maji kadiri iwezekanavyo, yaani hutaka kukifunga kifuko. Kanuni ya Laplace inasema kwamba shinikizo linalohitajika ili kifuko cha mviringo kisijifunge ni mara mbili ya mvutano wa uso ikigawanywa kwa nusu kipenyo. Katika nyuzi 37 maji yana mvutano wa milinewtoni 70 hivi kwa mita. Kwa kifuko cha kichanga chenye nusu kipenyo cha milimita 0.05, hesabu hiyo inatoa shinikizo la sentimita 28 za maji, katika kila kifuko na kila pumzi. Misuli ya kifua cha mtoto wa kilo moja haiwezi kuifanya kazi hiyo kwa saa nyingi. Kifuko kikijifunga, kuta zake zilizolowa hung'ang'aniana kama karatasi mbili za nailoni zilizotolewa majini, na kukifungua upya kunadai nguvu kubwa kuliko ile ya kukizuia kisijifunge.

Kwamba mvutano wa uso ndio adui mkuu hapa, Kurt von Neergaard alikuwa amelionyesha Uswisi tangu mwaka 1929: alijaza mapafu kwa kimiminika badala ya hewa, akaona kwamba yanapanuka kwa shinikizo dogo zaidi, kwa kuwa hapo uso wa maji na hewa haupo tena. Karibu hakuna aliyeifuatilia kazi yake. Robo karne baadaye Richard Pattle huko Uingereza, mwaka 1955, alichunguza mapovu yanayotoka katika mapafu yaliyojaa maji, akashangaa kwamba hayapasuki. Na John Clements huko Marekani, mwaka 1957, alipima mvutano wa uso wa dutu iliyotolewa mapafuni na kukuta kwamba hushuka sana utando wake unapobanwa. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi katika maabara za kijeshi zilizochunguza gesi za sumu, jambo ambalo sisi wa Kivu, tuliozoea kuona vita vikitoa vitu vya kila namna isipokuwa uhai, tunaweza kulitafakari kwa namna yetu. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto waliofariki kwa kushindwa kupumua baada ya kuzaliwa mapema hayakuwa na dutu hiyo ya kutosha. Ugonjwa ukawa umepata sababu, ila dawa ilikuwa bado. Agosti 1963 mtoto wa rais wa Marekani, Patrick Bouvier Kennedy, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, alifariki akiwa na umri wa saa 39, wala fedha na madaraka ya baba yake havikuweza kununua kitu ambacho hakikuwapo popote duniani.

Dutu yenyewe ni mafuta kwa kiasi cha asilimia 90 hivi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni fosfolipidi moja, dipalmitoili-fosfatidilikolini, ambayo kwa kifupi huandikwa DPPC. Mikia ya molekuli hii imenyooka, haina kona, kwa hiyo inaweza kupangwa kwa kubanana sana juu ya maji. Mtoto anapotoa pumzi na kifuko kupungua, molekuli hizo hubanana hadi mvutano wa uso unakaribia sifuri. Mtu anayeishia hapo atasema tatizo limekwisha: watengeneze DPPC viwandani, si ngumu, wamwekee mtoto. Lakini sifa ileile inayoifanya DPPC ivumilie kubanwa ndiyo inayoifanya isisambae. Chini ya nyuzi 41 ni ngumu, na mwili wa mtoto una nyuzi 37. Kichanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika, ikimaanisha kwamba utando huo una muda wa sekunde moja au pungufu wa kutanuka upya kila anapovuta hewa. DPPC peke yake haiuwezi mwendo huo. Inahitaji kitu cha kuisukuma kutoka kwenye akiba iliyoko chini ya uso, kuieneza, kuikusanya inapobanwa na kuirudisha, na kitu hicho ni protini.

Protini za surfaktanti ni nne, zikiitwa kwa herufi A, B, C na D. Nitaikalia zaidi B kwa sababu ndiyo ambayo mtoto hawezi kuishi bila kuwa nayo, na sisemi hivyo kwa makadirio. Panya wa maabara walioondolewa jeni ya SP-B hufa mara baada ya kuzaliwa, mapafu yao yakiwa hayakufunguka. Walioondolewa jeni ya SP-A hupumua karibu kama kawaida, ila hushambuliwa kwa urahisi zaidi na bakteria. Walioondolewa SP-D huishi, lakini mafuta hulundikana mapafuni mwao kadiri wanavyokua. Walioondolewa SP-C nao huishi, na baadhi yao huugua mapafu baadaye. Kwa binadamu ushahidi ni uleule: mwaka 1993 walielezwa watoto waliozaliwa kwa wakati wao, wenye uzito mzuri, ambao hata hivyo walishindwa kupumua kwa sababu nakala zote mbili za jeni yao ya SP-B zilikuwa na kasoro. Surfaktanti ya kuwekewa huwasaidia kwa muda mfupi tu, na kinachoweza kuwaokoa ni kupandikizwa pafu jingine. Ugonjwa huo ni nadra sana, lakini kwa mchambuzi una thamani kubwa, kwa kuwa unaitenga protini hii peke yake na kuonyesha uzito wake.

Jeni yake, SFTPB, iko kwenye kromosomu ya 2. Seli za aina ya pili katika kuta za vifuko vya hewa, ambazo ndizo zinazotengeneza surfaktanti, huanza kwa kutengeneza protini tangulizi yenye asidi amino 381. Vimeng'enya ndani ya seli, miongoni mwao napsini A na kathepsini H, huikata upande wa mwanzo na upande wa mwisho mpaka kibaki kipande cha katikati chenye asidi amino 79. Kipande hicho kina sisteini saba, yaani asidi amino zenye salfa. Sita kati yake hushikana mbilimbili kwa madaraja matatu ya salfa, na kuufunga mnyororo katika umbo lisilolegea kirahisi hata kwa joto; ya saba, iliyo katika nafasi ya 48, hutafuta mwenzake kwenye molekuli nyingine ya SP-B, hivyo protini hii hukaa na kufanya kazi ikiwa jozi. Sehemu kadhaa za mnyororo hujikunja kuwa hesi fupi (mizunguko kama ya springi) zenye pande mbili zisizofanana: upande mmoja hukimbia maji na kuzama katika mafuta, upande wa pili una chaji chanya za asidi amino arginini na lisini ambazo huvutwa na mafuta yenye chaji hasi, hasa fosfatidiliglaiseroli. Kwa hiyo SP-B hailali ndani kabisa ya utando wa mafuta wala haielei nje yake. Hujibanza kwenye mpaka, mahali ambapo inaweza kuuvuruga mpangilio wa mafuta kwa kiasi kinachohitajika.

Ukoo wa protini hii ni wa ajabu kidogo, nami naomba msomaji anivumilie kwa aya moja. SP-B ni ya familia ya protini zinazofanana na saposini, ambazo nyingi kazi yao ni kushughulika na mafuta au kuyatoboa. Familia hiyo inapatikana hata kwa amiba wa kuhara damu, yule yule anayetajwa kila wiki katika vituo vya afya vya Kadutu na Bagira: hubeba protini ndogo za aina hii na kuzitumia kutoboa utando wa seli za wengine. Umbo la msingi ni moja, madaraja ya salfa yanapangwa kwa namna moja, lakini kiumbe mmoja hulitumia kuua seli na mwingine hulitumia kufungua pafu. Tofauti kubwa ni kwamba ndugu zake wengi huyeyuka katika maji, ilhali SP-B haiachani na mafuta tangu inapokatwa hadi inapomaliza kazi.

Kazi hiyo huanza kabla ya protini kutoka ndani ya seli. SP-B husaidia kuyapakia mafuta katika vifurushi vya tabaka nyingi vilivyobanana, ambavyo seli huvihifadhi na kuvimwaga inapohitajika. Pasipo SP-B vifurushi hivyo havifanyiki vizuri, na hata SP-C haikatwi inavyostahili, ndiyo maana kuikosa moja ni karibu kukosa mbili. Ikishatoka nje, hukaribisha utando mmoja wa mafuta na mwingine, hufungua njia ya molekuli kuhama kutoka akiba kwenda kwenye uso wa maji, na huifanya akiba hiyo ibaki imeshikamana na uso wakati kifuko kinapopungua, ili pumzi inayofuata iikute karibu. Uchunguzi wa hadubini ya elektroni uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba jozi kadhaa za SP-B zinaweza kuungana na kuwa pete ya upana wa nanomita 10 hivi, na watafiti wakapendekeza kwamba pete hizo ndizo zinazounganisha tabaka za mafuta na kuyapitisha. Yote haya yanafanywa na protini ambayo, ikichanganywa pamoja na SP-C, haifiki asilimia tatu ya uzito wa surfaktanti yote.

SP-C ni fupi zaidi, asidi amino 35, na sehemu yake kubwa ni hesi moja iliyojaa valini inayopenya unene wote wa utando, huku mikia miwili ya asidi ya palmiti ikiwa imefungwa kwenye sisteini zake. Ina udhaifu wa kupendeza kwa mwanakemia na wa kuudhi kwa mtengeneza dawa: hesi yake haina utulivu, na ikiachwa hugeuka polepole kuwa nyuzi zisizofaa kitu. SP-A na SP-D ni habari nyingine kabisa. Hizo ni kubwa na huyeyuka katika maji. SP-A huwa na minyororo 18 iliyopangwa katika matatu sita, SP-D minyororo 12 katika matatu manne yanayofanya umbo la msalaba, na vichwa vyake, kwa msaada wa kalsiamu, hushika sukari zilizo juu ya bakteria, virusi na kuvu. Katika mji ambao kifua kikuu hakijaondoka, inafaa kujua kwamba zote mbili hushika bakteria wa kifua kikuu, ila kwa matokeo yanayopingana: majaribio ya maabara yameonyesha kwamba SP-A huongeza kumezwa kwa bakteria hao na seli za ulinzi, na SP-D hukupunguza. Lakini hilo linahitaji makala yake.

Turudi kwenye dawa, kwa sababu hapo ndipo umbo linapogeuka kuwa bei. Katika miaka ya 1960 madaktari walijaribu kuwapulizia watoto DPPC tupu, na hawakupata mafanikio. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake huko Japani waliwapa watoto 10 surfaktanti iliyotolewa katika mapafu ya ng'ombe, na hali ya watoto hao ikabadilika ndani ya saa chache. Tofauti kati ya majaribio hayo mawili ni nini? Dondoo ya ng'ombe ilikuwa na SP-B na SP-C. Ilikuwa imepoteza A na D, kwa kuwa hizo huachwa katika maji wakati mafuta yanapotolewa kwa viyeyusho, lakini zile mbili ndogo huenda na mafuta kwa sababu ya maumbile yake. Tasnia haikukata tamaa na njia ya bila protini. Mwaka 1990 Marekani iliidhinisha Exosurf, iliyokuwa DPPC pamoja na kemikali mbili za kuisaidia isambae. Iliokoa watoto, hilo lisemwe kwa haki, lakini ilipolinganishwa na dawa za ng'ombe na nguruwe ilifanya kazi polepole na watoto wengi zaidi walipata hewa iliyovuja kifuani, na hatimaye ikaachwa. Mwaka 2012 iliidhinishwa Surfaxin, yenye peptidi (kipande kifupi cha protini) ya asidi amino 21 iliyobuniwa kuiga mpangilio wa chaji na mafuta wa SP-B, lisini moja na leusini nne zikijirudia. Miaka mitatu baadaye mtengenezaji aliacha kuiuza. Kuitengeneza SP-B kamili, ikiwa na madaraja yake yote mahali pake, ikiwa jozi, ikiwa haiwezi kuwekwa katika maji bila kuganda, ni kazi ambayo viwanda vikubwa vimeihangaikia kwa miongo.

Ndiyo maana dawa inayotumika leo bado hutoka katika mapafu ya ndama na nguruwe, huhitaji kuhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8, na dozi moja hugharimu mamia ya dola katika nchi zinazoinunua kwa wingi. Dozi si ndogo: miligramu 100 hadi 200 kwa kila kilo ya mtoto, kwa kuwa pafu la mtoto aliyetimiza miezi lina kiasi kama hicho. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa watoto. Orodha, hata hivyo, haiifikishi chupa baridi Bukavu. Tangu Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, na usafiri wa ndege wa kawaida kukoma, kila kinachohitaji baridi hutegemea barabara, mpaka wa Ruzizi na meli za ziwani, na kila saa njiani ni saa ya barafu kuyeyuka.

Wapo wanaouliza kwa nini tusiitengeneze wenyewe, na swali lao si la kuchekwa. Kuba, nchi isiyo tajiri, hutengeneza surfaktanti yake kutokana na mapafu ya nguruwe. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na kemia ya kutoa mafuta kwa viyeyusho hufundishwa hata kwetu. Kinachokosekana ni vile vinavyoizunguka kemia hiyo: machinjio yenye ukaguzi wa kuaminika, kundi la nguruwe lisilofutwa kila mara na homa ya nguruwe ya Afrika, maabara ya kuthibitisha kwamba hakuna virusi katika kila toleo. Kuba ilijenga hivyo kwa miaka mingi kabla ya kufikia dawa yenyewe. Na kuna familia za Kiislamu na za Kiadventista ambazo zitapaswa kuelezwa dawa hiyo inatoka wapi. Nyingi zitakubali kwa dharura, lakini hazistahili kufichwa. Mradi huo ufikiriwe, ila tusiwaahidi nao akina mama wanaojifungua mwaka huu.

Mtengenezaji wa SP-B aliye karibu nasi zaidi ni seli ya aina ya pili ya mtoto mwenyewe. Seli hizo huwapo tumboni tangu wiki ya 24 hivi, zina jeni, zina vimeng'enya vya kukata, ila hazijaamriwa kufanya kazi kwa kasi. Kiasi cha kutosha hufikiwa kwa kawaida kati ya wiki ya 34 na 35. Amri hiyo inaweza kuharakishwa. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba akina mama wanaokaribia kujifungua mapema wakipewa homoni ya kotikosteroidi, watoto wao hushindwa kupumua mara chache zaidi. Homoni hupita kondo la nyuma, huingia katika seli za pafu, huongeza usomaji wa jeni ya SP-B na uimara wa ujumbe wake, na huamsha pia vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta. Deksametazoni, sindano nne za miligramu 6 kila baada ya saa 12, ni dawa ya bei ndogo inayopatikana katika famasia za Nyawera na haihitaji friji. Kwa maneno mengine, kile ambacho kiwanda cha Ulaya hukitoa kwa mamia ya dola, mwili wa mtoto hukitoa kwa gharama ya sindano chache, kikiwa na madaraja yote ya salfa mahali pake na protini zote nne pamoja.

Naandika hili kwa tahadhari, kwa kuwa nchi sita, zikiwamo Zambia na Kenya, zilishiriki jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015, ambalo lilisambaza sindano hizo hadi ngazi za chini za huduma, na vifo vya watoto wachanga kwa ujumla vikaongezeka badala ya kupungua. Wengi wa waliochomwa hawakujifungua watoto wenye uzito mdogo kweli, na maambukizi kwa akina mama yalionekana kuzidi. Kisha mwaka 2020 jaribio jingine, katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, lenye wanawake 2,852, lilipima kwanza umri wa mimba kwa ekografi (picha ya mawimbi ya sauti), likachagua walio kati ya wiki ya 26 na 33 wanaokaribia kujifungua kweli, katika mahali penye huduma ya mtoto. Vifo vya watoto vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopewa deksametazoni na asilimia 23.5 kwa wasiopewa. Dawa ilikuwa ya jamii moja. Kilichobadilika ni usahihi wa kuchagua nani apewe na mahali anapojifungulia. Nasoma majaribio haya mawili pamoja, na kwa maoni yangu yeyote anayelitaja moja bila jingine anapotosha.

Kwa Bukavu hii ina maana kwamba kifaa cha kwanza cha kupigania SP-B ni ekografi ya mapema. Si wachache miongoni mwa mama zetu wanaofika CPN, yaani kliniki ya wajawazito, mimba ikiwa ya miezi sita, wasikumbuke tarehe ya hedhi ya mwisho, na hapo hata ekografi hukosea kwa wiki kadhaa. Bila tarehe hiyo mganga hajui kama seli za mtoto zinahitaji kuharakishwa au zimeshaanza zenyewe, na kosa la pande zote mbili lina gharama. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa nia ya kuwapa wanawake mahali salama pa kujifungulia, na hospitali kuu ya rufaa ya jimbo zina watu wanaoyajua haya vizuri. Pengo liko katika njia kutoka Walungu, Kabare na Kalehe, ambako uchungu huanza.

Na oksijeni? Ina nafasi yake, na Bukavu ina sababu ya ziada: tuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako shinikizo la hewa ni karibu asilimia 85 ya lile la pwani, kwa hiyo mtoto wetu huanza na akiba ndogo kuliko wa Matadi. Lakini oksijeni haiingii katika kifuko kilichofungwa, na ikizidishwa huharibu macho ya mtoto, kama Marekani na Uingereza zilivyojifunza kwa uchungu katika miaka ya 1940 na 1950, na huchoma pafu lenyewe. Kinachokiweka kifuko wazi ni shinikizo lisilokatika wakati wa kutoa pumzi. Hilo hupatikana kwa mrija wa puani ambao ncha yake ya pili imezamishwa sentimita 5 ndani ya chupa ya maji: kina hicho ndicho shinikizo, na mapovu huonyesha kwamba linafanya kazi. Mtoto akisaidiwa hivyo kwa siku mbili hadi nne, seli zake nyingi huanza kutoa SP-B zenyewe, kwa kuwa kuzaliwa nako huziamsha.

Najua pingamizi litakalokuja, nami nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu: kwamba kuyasema haya ni kukubali watoto wa Kivu wapewe tiba ya maskini huku wa Brussels wakipewa dawa halisi. Sikubaliani. Huko Brussels pia sindano ya mama hutangulia, shinikizo la puani hufuata, na surfaktanti ya chupa hupewa wale ambao hayo mawili hayakuwatosha. Mpangilio ni uleule. Ningependa kuona chupa hizo katika hospitali mbili au tatu za jimbo, zenye friji ya jua na wauguzi waliozoea kuweka mrija katika njia ya hewa ya mtoto wa gramu 1,000, kwa sababu wapo watoto ambao seli zao hazitaitikia amri yoyote kwa wakati. Ila mfadhili anayeleta chupa bila sindano na bila mrija atapata picha nzuri za makabidhiano, na chupa zitamalizikia kwenye friji zikiwa zimepita tarehe.

Jambo moja halihitaji mfadhili. Homoni huanza kusaidia ndani ya saa chache, lakini manufaa yake makubwa huonekana kwa mtoto anayezaliwa kati ya saa 24 na siku saba baada ya sindano ya kwanza. Madaftari ya vyumba vya kuzalishia yaongezewe safu mbili, moja ya saa ya sindano hiyo na nyingine ya wiki za mimba na jinsi zilivyopimwa, kando ya saa ya kuzaliwa ambayo tayari huandikwa. Mwisho wa mwezi daktari wa zoni ya afya ataweza kuona, kwa kila mtoto aliyeshindwa kupumua, kama seli zake zilipewa muda wa kutengeneza protini hiyo, au kama mama yake alifika, akasubiri, na akajifungua bila yeyote kumchoma sindano.